"Imeshika, bi mkubwa": nilivyoharibiwa gia boksi kwa bolti za spana namba 10

Fundi alilitamka neno hilo akiwa ndani ya shimo, mikono juu, uso umetapakaa oili, nami nimesimama ukingoni. "Imeshika." Zimepita wiki nyingi, labda miezi sasa, maana mvua za vuli ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza, na mpaka leo nikigeuza ufunguo wa gari nalisikia.

Gereji siitaji jina. Iko Ngamiani, hapa Tanga mjini, hilo latosha. Na niseme haki kabla hasira haijanipanda: kwa upande wa injini, watu wale nilikuwa nawaamini kuliko ndugu. Wameihudumia Toyota Spacio yangu miaka, wakanibadilishia pampu ya maji, wakanitengenezea breki usiku mmoja wa Ramadhani baada ya futari na hawakuongeza hata shilingi kwa usumbufu. Ndiyo maana nilipoona oili ya gia boksi imepoteza wekundu wake na kuwa kahawia, sikuuliza mtu. Nikaenda moja kwa moja.

Kazi ilikuwa kumwaga oili, kubadilisha chujio na gasketi, kurudisha sampu, lile bakuli la bati linalofunga gia boksi kwa chini. Sampu ilishuka vizuri. Fundi akanionyesha sumaku iliyomo ndani yake, imevaa tope laini la kijivu kama majivu ya mkaa, akaniambia huo ni usagikaji wa kawaida, angeona vipande vya chuma ndiyo angeogopa. Ni kweli, na nilimshukuru kwa kunionyesha. Kisha nikaenda kununua maji ya kunywa. Niliporudi walikuwa wameshaanza kufunga.

Nikamkuta anakaza bolti kwa kufuatana, moja baada ya nyingine kuzunguka ukingo, kama anayeshona pindo la gauni, na kila moja anaimaliza kabisa kabla hajaigusa ya pili. Mkononi ana racheti ndefu, ile ya kufungulia nati za magurudumu. Kwenye bolti za sampu! Bolti nyembamba kuliko kidole cha mtoto!

"Samahani fundi," nikamwambia, "hamna ile toki renchi, spana ya kupimia mkazo?"

Akainua mkono wake, akakunja msuli. "Toki renchi ndiyo hii, bi mkubwa. Nimekaza magari ya watu Tanga hii wewe hujajua hata usukani. Hebu kakae kwenye benchi, mwanamke akisimama juu ya shimo kazi inaingia nuksi."

Vijana wakacheka. Sikwenda kwenye benchi.

Mimi habari za bolti nimefundishwa na baba. Marehemu baba alikuwa fundi wa korona, ile mitambo ya kusindika mkonge, tuliyoiita hivyo miaka mingi kabla ugonjwa haujalichukua jina, na sisi watoto ndio tuliompelekea chakula cha mchana kiwandani. Alikuwa akituelezea kwa manati. Mpira ukiuvuta kwa kiasi, unarudi. Ukiuvuta ukapitiliza, unalegea na haurudi tena. Bolti nayo ukiikaza unaivuta, inarefuka kidogo usikoweza kuona kwa macho, na kule kutaka kwake kurudi ndiko kunakobana vitu viwili pamoja. Ukizidisha, inakatika, au inang'oa thredi, yale meno ya mahali ilipoingia.

Kwenye gia boksi mara nyingi ndiyo hilo la pili. Bolti ni chuma kigumu, nyumba ya gia boksi ni alumini, na vikishindana inayoachia ni alumini. Mkazo wenyewe unaotakiwa pale ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo zinakazwa kwa nyutoni mita 103, hicho ndicho kipimo cha mkazo. Bolti ndogo za sampu ya gia boksi, kwa magari mengi, hazifiki hata 12. Chukua nyutoni mita 8: kwa spana ya urefu wa sentimita 20, hiyo ni nguvu ya kubeba kilo 4 tu, kama ndoo ndogo ya maji isiyojaa. Mtu aliyening'inia na bega lote kwenye racheti ndefu anapita hapo kabla hajahisi chochote mkononi. Msuli hauna namba, na hilo ndilo nililotaka kumwambia fundi yule kama angenipa nafasi.

Mlio ukatoka kwenye bolti ya kona, upande wa abiria. Racheti ilikuwa inakwenda nzito, nzito zaidi, kisha *kra*, kama kijiti kikavu kinachokanyagwa, halafu ikazunguka nyepesi. Aliyewahi kukaza hata skrubu ya bawaba anaijua ile hali. Fundi akaganda. Spana boi wake, kijana mdogo aliyekuwa anamshikia taa, alinitazama usoni kisha akainamisha macho.

"Fundi, hiyo imekwisha thredi," nikasema.

"Imeshika, bi mkubwa."

Akachovya kidole kwenye silikoni, akapaka juu ya kichwa cha bolti, akahamia nyingine.

Bolti kuharibika naweza kusamehe. Baba mwenyewe aliwahi kuharibu, na aliposema, wenzake walichimba tundu upya na kazi ikaendelea. Lakini mtu umesikia mlio, mimi nimesikia mlio, kijana amesikia mlio, halafu unaniambia imeshika? Unanitazama machoni na kuniambia imeshika?

Kesho yake sakafu ya uani ilikuwa na doa jekundu la ukubwa wa kisahani. Nikarudi. Akasema gasketi niliyonunua ni feki, ilhali aliyetumwa dukani ni kijana wake na risiti anayo yeye. Akaingia shimoni akazikaza zote upya kwa nguvu ileile, akanitoza elfu kumi na tano. Kumbe ndivyo alivyoimaliza. Ukingo wa sampu ni bati. Ukilibana kupita kiasi linabonyea penye matundu na kuinuka katikati ya tundu na tundu, gasketi inajikamua nje, oili inapata njia. Inavuja zaidi, naye anakaza zaidi.

Siku chache baadaye tulikuwa tunakwenda Korogwe kwenye arobaini ya mama mkubwa. Mama yangu alikaa kiti cha nyuma na kapu la vitumbua, na Muheza tulisimama tukanunua machungwa ya kupeleka. Gari shwari kabisa. Tulipokaribia Segera, kwenye mwinuko, nikakanyaga mafuta na injini ikaunguruma peke yake. Mshale wa mizunguko ya injini ukapanda, gari halikusukuma. Nikalegeza, likashika kwa kishindo, likaachia tena. Nikatoka barabarani nikazima hapohapo, na kuzima huko ndiko kulikoiokoa gia boksi, maana oili ikipungua pampu inavuta hewa, shinikizo linashuka, klachi za ndani zinateleza na kuungua zenyewe kwa zenyewe. Chini ya gari, mstari mwekundu ulitufuata kwenye lami hadi macho yaliposhindwa kuona.

Wa kwanza kutusimamia alitaka kutuvuta kwa kamba. Nikakataa. Spacio inavutwa na magurudumu ya mbele, na gari la otomatiki la namna hiyo ukiliburuta umbali mrefu magurudumu hayo yakizunguka, unazungusha gia boksi ambayo pampu yake imelala, bila oili ya kulainisha. Tukangoja brekidauni la kunyanyua pua. Mama yangu alikaa kwenye khanga chini ya mti, na dua ya dada yake aliyemlea ilisomwa yeye hayupo. Alipiga simu akaomba wamwekee spika asikilize. Mtandao ukakatika katikati ya Yasini.

Naomba anayesema "bolti tu hiyo mama" anieleze thamani ya hilo.

Gari lilipofika mjini sikulirudisha kule. Nililipeleka Mikanjuni kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha mabati chini ya mwembe, anayefanya kazi peke yake, taa ya simu ameibana mdomoni kwa kukosa wa kumshikia. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakusema neno baya juu ya aliyetangulia. Alifungua bolti kwa spana fupi, akazipanga juu ya boksi kwa mpangilio wa matundu yake, kisha akanyanyua nne na kunionyesha: kwenye meno ya kila moja umejiviringisha uzi mweupe wa alumini, mzima, kama ganda la chungwa lililomenywa bila kukatika. Hizo zilikuwa thredi za gia boksi yangu.

Matundu manne akayapanua kwa drili, akayachonga meno mapya kwa tapu aliyoipaka grisi ili chenga zinate kwake zisiingie ndani, akaingiza helikoili, ile springi ya waya wa chuma inayokuwa thredi mpya, ngumu kuliko zile za zamani. Sampu aliigeuza juu ya kipande cha reli, akagonga kila penye tundu kwa nyundo ndogo hadi ukingo ukalala. Silikoni yote ya mwenzake aliikwangua, na alinionyesha kipande kilichokuwa kinaning'inia kwa ndani. Kingekatika, kingeelea hadi kwenye chujio na kuziba. Gasketi mpya akaiweka kavu. Matundu akayapuliza, kwa sababu oili ikibaki chini ya tundu lisilo na upande wa pili, bolti inaisukuma oili badala ya kubana sampu.

Halafu akafunga bolti zote kwa vidole. Zote, hadi vidole viliposhindwa. Ndipo akatoa kwenye kabati kitu kilichofungwa kipande cha khanga kuukuu: toki renchi. Karibu nilie. Akaanza za katikati, akaruka upande wa pili kwa mshazari, akamaliza na za pembeni, mzunguko wa kwanza nusu ya mkazo, wa pili mkazo kamili. *Tik.* Anaachia. *Tik.* Anaachia. Hakuongeza hata kidogo baada ya tik. Alipomaliza alirudisha kipimo hadi namba ya chini kabisa kabla ya kukifunga tena, maana springi yake nayo ikiachwa imebanwa inachoka na kuanza kudanganya.

Akajaza oili injini ikiwa inanguruma, akapitisha mkono wa gia kila mahali kuanzia P na kurudi, tukaenda Raskazone na kurudi ipate moto, ndipo akapima kwa kijiti. Elfu themanini, na chai alininunulia yeye.

Sasa, ile gereji ya kwanza. Nilikusudia kuandika kwamba asiende mtu yeyote, kwa lolote. Lakini mwenye gereji alipopata habari alinipigia simu mwenyewe, akanirudishia fedha yote ya kazi, na akaomba radhi kwa heshima, akamwombea na mama. Kwa injini bado sijaona wenzao hapa Ngamiani. Kwa hiyo nilitaka kusema: injini nendeni, gia boksi msiguse. Halafu namkumbuka mama chini ya mti, simu sikioni, na sitaki hata kuwasifu kwa plagi. Aliyeomba radhi ni mwenye gereji. Fundi mwenyewe nilipokutana naye sokoni alinipita kama hanijui.

Juzijuzi nimepita mbele ya gereji ile kwenye foleni ya bajaji. Yule spana boi akanikimbilia dirishani.

"Shikamoo mama. Gari limepona?"

"Marahaba. Limepona."

"Mama, siku ile haikuwa moja. Zilishakatika mbili ukiwa umekwenda kununua maji."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza kwa ukali, na sioni haya.

"Ningesema mama, kazi angenifundisha nani?"

Bajaji ya nyuma ikapiga honi. Nikamtajia kibanda cha Mikanjuni chenye mwembe, kwa mzee anayeshika taa kwa meno, nikamwambia aende asubuhi mapema.