Vipasha mikono vya wawindaji: cha benzini, cha kutu na cha betri

Watazamaji wangu, karibuni. Mezani pangu leo kuna vipasha mikono vinne, na kimoja kati yao kimenizidi umri. Ninarekodi nikiwa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hufunguliwa mapema mwezi wa Novemba, na mwindaji hupanda dunguni kabla ya alfajiri akakaa humo hadi jua litue. Wale mliokulia shambani mnalijua dungu la kuamia ndege. La huku ni la chuma na limefungwa mtini, lakini kwa mtu aliyemo tofauti kubwa ni nyingine: mwamiaji hupiga makelele na kuzungusha kombeo mpaka akatoka jasho, ilhali mwindaji akijikuna tu, kulungu ameshaondoka.

Kukaa bila kutikisika ndiko kunakoponza mikono. Mwili unapopoa, mishipa ya damu ya vidole hujibana ili joto libaki kifuani na tumboni, na kidole kilichokufa ganzi hakihisi sawasawa kifyatulio cha bunduki. Kwa sababu hiyo sikuvipima vifaa hivi kwa kuangalia ni kipi kinachochoma zaidi kiganja katika dakika kumi za mwanzo, ingawa hiyo ndiyo sifa inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye maboksi. Nilitaka kujua ni kipi kitakuwa bado kina joto jioni, kulungu wanapoanza tena kutoka machakani kwenda malishoni.

Nianze na mzee. Hiki cha bati linalong'aa, kilichovikwa mfuko wa kitambaa, kinaitwa Jon-e, na kilitengenezwa hapa hapa Minnesota na kampuni ya Aladdin Laboratories ya mjini Minneapolis. Mimi nilikinunua kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu babu yake. Mbinu yake, hata hivyo, imetoka Japani, ambako Niichi Matoba alibuni kipasha mikono cha Hakkin mwaka 1923. Wajapani hukiita kifaa cha namna hii kairo, neno lililoundwa kwa kifua na jiko, nami sijapata jina la Kiswahili linalonipendeza kuliko jiko la kifuani.

Tazameni ndani yake. Chini kuna pamba inayonyweshwa benzini safi, ile ile inayotiwa kwenye viberiti vya chuma vya kujazwa, na juu kuna kichwa chenye nyuzi zilizopakwa platini. Ukikipasha kichwa hiki kwa njiti ya kiberiti kwa sekunde chache, platini huanza kuuunganisha mvuke wa benzini na oksijeni ya hewani, na muungano huo hutoa joto pasipo ndimi za moto wala moshi. Platini yenyewe haiungui. Ni kichocheo tu, ndiyo maana kichwa kimoja huweza kutumika misimu mingi kikitunzwa.

Hapa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Mililita 25 za benzini, ambazo hazijazi vijiko viwili vya chakula, zina nishati ya takribani wati-saa 200, na kwa kiasi hicho Hakkin ya ukubwa wa kawaida huenda hadi saa 24. Kifaa hiki kipya cha kuchaji kina betri ya lithiamu ya miliampea-saa 5,000, nayo hubeba wati-saa 18 na nusu. Vijiko viwili vimeishinda betri mara kumi, na bado hatujaitoa betri hiyo nje kwenye baridi, ambako uwezo wake hupungua zaidi.

Nilipoitoa, nyuzi zikiwa 14 chini ya sifuri, ilizimika kabla ya kutimiza saa tatu. Nilikuwa nimeiweka katika mfuko wa nje wa koti, na hilo lilikuwa kosa langu. Siku iliyofuata niliihamishia mfuko wa ndani, karibu na mwili, ikadumu vizuri zaidi. Sitakidharau kifaa hiki, kwa maana kinawaka kwa kubonyeza kitufe, joto lake hupandishwa na kushushwa, na hakina harufu hata kidogo. Jambo la kuangalia ni kwamba betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa zimeganda. Iacheni kwanza ipate joto la chumbani.

Harufu ndiyo aibu ya mzee wetu. Pua ya kulungu ni kali mno, na benzini hunusika hata kwetu sisi wenye pua duni, hasa ukiijaza kupita kiasi. Kifaa chenyewe hukosa pumzi pia ukikizika mfukoni chini ya nguo nzito, kwa kuwa platini bila hewa haifanyi kazi, na nimewahi kukitoa mfukoni saa nne asubuhi nikakikuta baridi kama jiwe la mtoni.

Pakiti hizi za kutupa zina unga wa chuma, maji, chumvi na makaa, na joto lake ni la chuma kinachopata kutu upesi kuliko kawaida. Ukiifungua, isubiri kwa robo saa au zaidi. Baada ya hapo hutoa joto la wastani kwa saa kadhaa, bila harufu ya kumshtua mnyama, na ukitaka kuiokoa iliyobaki ifungie katika mfuko usiopitisha hewa, kutu itasimama. Ndani ya buti lililobana hupoa mapema kwa kukosa hewa. Ubaya wake mkubwa ni taka, kwani msimu ukiisha una ndoo nzima ya kutupa.

Hiki cha nne, chenye maji ya asetati ya sodiamu na kisahani cha chuma cha kubonyeza, kinapendeza kukitazama kikiganda, lakini joto lake halifiki mbali, na ili kukirudisha lazima ukichemshe. Kiacheni kwa watoto wanaosubiri basi la shule.

Kifaa chochote kati ya hivi kisigusane na ngozi tupu kwa muda mrefu, kwa kuwa hata nyuzi 44 huunguza zikikaa saa nyingi mahali pamoja, na mtu aliyekufa ganzi hawezi kuhisi. Cha benzini kisilalwe nacho ndani ya hema lililofungwa.

Jumamosi ya ufunguzi nitakwenda hivi: Jon-e nitaijaza usiku uliotangulia, nitaiwasha nje kando ya gari, na nitaivaa kifuani juu ya sweta, huku dungu nikilichagua upande ambao upepo hautaipeleka harufu yake njiani kwa kulungu. Pakiti mbili za chuma zitakaa ndani ya glavu. Cha betri kitabaki katika mfuko wa ndani, na kazi yake ya kwanza itakuwa kuichaji simu.