Mtandao mpya wa chuo chetu hapa Moshi, nimeutumia wiki tatu

Wadau mnaofanya utafiti Moshi na Arusha, hii ni tathmini yangu ya kweli. Zamani nilikua nabeba data za jenomu kwenye diski ya eksteno napanda Kosta mpaka Arusha kwa mwenzangu, maana laini ya megabiti 100 hata uachiwe peke yako terabaiti moja inakula kama masaa 22, na sisi tulikua tunagawana chuo kizima. Saa hivi faiba ya gigabiti 10 imefika jengo la maabara, kwa hesabu terabaiti hiyo hiyo ni dakika 13 na kitu, mimi nimepata kama nusu saa na nimefurahi sana, diski za seva yetu ndo zinachelewesha.

Ila kikubwa aisee sio spidi tu. Mafundi wametenga njia ya data za utafiti isipite kwenye fayawoli (kichujio cha usalama) ya ofisini, ule mpango ESnet, mtandao wa utafiti wa Marekani, wanaouita Science DMZ. Wengi hawajui, fayawoli hiyo inaweza kudondosha pakiti, yaani vipande vya data, na zikipotea chache tu njiani na seva iko mbali huko Ulaya, spidi inaporomoka vibaya hata kama laini ni kubwa.

Hosteli waifai ni ile ile ya zamani. Alafu umeme ukikatika swichi za mtandao zinazima mpaka jenereta iwake, jumatano nimepoteza kazi ya asubuhi nzima, jamani tunaomba UPS (betri ya akiba) kwenye kila jengo. Nyota 4 kati ya 5.