Kisu cha kupanda nacho mlima: kipi ununue, kipi umwachie machinga

Kabla hujatoa hela jiulize utakata nini, basi. Watu wanaoniulizaga kuhusu kisu cha haiking wengi wameshapendaga kile kirefu chenye meno mgongoni kama msumeno, yaani mtu anaenda Materuni kuangalia maporomoko akirudi anywe kahawa, halafu anataka silaha ya kuulia nyati. Kilimanjaro kukata miti na kuwasha moto wa kuni ni marufuku na askari wa KINAPA, yaani hifadhi ya Kilimanjaro, hawana utani, kwa hiyo kazi yenyewe ni parachichi, nyanya, nyama, kamba, plasta, na kufungua pakti ya biskuti vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi. Chakula ndo kazi karibu yote. Sasa bapa nene linakata nyanya? Halikati, linaiponda. Tafuta bapa jembamba, sentimita nane mpaka kumi linatosha kabisa.

Namba moja kwangu ni Mora, hivi visu vya Uswidi, hasa ile ya kawaida inaitwa Companion. Bapa sentimita kumi na kidogo, unene milimita 2.5, mpini wa raba hautelezi hata mkono ukiwa na mafuta ya mbuzi, na ala yake ya plastiki unaiosha kwa maji tu. Haikunjiki, kwa hiyo hakuna sehemu ya kukusanya mchanga na hakuna cha kukufungia kidole. Chuma chake hakifiki mwisho wa mpini, wapo wanaolia na hilo, mimi kwa chakula na kamba sijaona shida, ila usiweke juu ya gogo uanze kugonga na jiwe. Zipo za stenlesi na za chuma cha kaboni. Kaboni inanoleka fasta ila ukikata ndimu usipofuta inageuka nyeusi, ukilala nayo imelowa asubuhi ina kutu, kwa hiyo kama we ni mvivu kama mimi chukua stenlesi. Dukani huku sio rahisi kuikuta, ongea na waongoza wageni wa mlimani, wageni wakimaliza mlima huwa wanawaachia vifaa, au mtu wako akitoka nje akubebee, ila aweke kwenye begi la kukabidhi, akiingia nayo mkononi kwenye ndege wataichukua.

Namba mbili mtanicheka. Kisu kidogo cha jikoni, kile cha mpini wa plastiki kwa mangi yeyote pale sokoni. Mimi cha kwangu nilinunua elfu tatu, nikakata boksi gumu nikalikunja kwenye bapa nikazungusha selotepu, ala hiyo, na kimepanda Meru na mimi bila neno. Bapa jembamba, kinakata vitunguu kuliko visu vingi vya bei, kikipotea huumwi moyo. Ubaya wake chuma ni laini, ukikitumia kukwangulia au kufungulia kopo ncha inapinda, na makali yanaisha mapema.

Namba tatu, Opinel namba 8 ya Ufaransa, kisu cha kukunja cha mpini wa mbao, bapa sentimita nane na nusu, kina ringi ya chuma shingoni unaizungusha kinajifunga. Chepesi sana, unasahau kama kipo mfukoni. Shida ni mvua, na njia ya Machame siku ya kwanza msituni mnajua wenyewe, mbao inavimba bapa linagoma kutoka. Usivute kwa meno! Achia ringi, shika mpini, gonga kitako chake kwenye jiwe au mti, bapa linachungulia kidogo unalivuta. Ukikinunua paka nta ya mshumaa pale bapa linapoingilia, inasaidia.

Victorinox nyekundu, kile kisu cha kukunja cha Uswisi chenye mkasi na vikorokoro vingine, naiweka ya nne na najua kuna watu watanuna. Mkasi wake ni mtamu, kwa plasta na kucha hakuna mfano, ila zile ndogo za kawaida bapa halijifungi likiwa wazi, ukikandamiza na ncha linarudi kwenye vidole. Na feki ni nyingi. Angalia shina la bapa, maandishi yawe yamechongwa safi, halafu jaribu mkasi kwenye karatasi, wa feki unatafuna badala ya kukata.

Sime ya Kimasai? Naipenda, ikichongwa vizuri kwenye springi ya gari inadumu mpaka kwa wajukuu, na ile ala nyekundu ya ngozi ni pambo. Ila ina makali pande zote mbili, kwa hiyo huwezi kuweka kidole gumba mgongoni ukamenya kiazi, na ni ndefu, na ukipanda nayo daladala kila mtu anakuangalia. Ya boma, sio ya begi.

Cha mwisho ni kile cha komando, chenye dira kwenye kifuniko na mpini mtupu ndani wa kuwekea kiberiti na ndoano. Nilikuwa nacho. Tulienda Longido, tumechoma mbuzi kule chini kabla ya kupanda, nikajitia fundi wa kugawa paja, nikakandamiza kwenye kiungo, nikasikia ka! nimebaki na mpini mkononi bapa limesimama kwenye nyama. Kuchungulia, chuma kilichoingia kwenye mpini ni kama urefu wa kiungo cha kidole, kimeshikwa na nati moja. Dira nayo ilikuwa inaonyesha Kaskazini upande wa Namanga na upande wa Arusha, inategemea umeishikaje.

Chochote utakachochukua, usimpelekee yule wa kunoa kwa baiskeli kama ni kisu cha maana, zile cheche ni dalili ya joto, makali yanaweza kuungua na chuma kikalegea. Chukua kikombe cha kauri kigeuze, ile duara ya chini isiyong'aa pitishia kisu taratibu kila upande mara kumi kumi, mgongo wa bapa ukiwa umeinuka kidogo tu. Halafu jaribu kwenye nyanya iliyoiva bila kukandamiza, kikiteleza juu ya ganda, rudi kwenye kikombe.