Wakala wa forodha kwa mzigo wa ndege, Dar: uzoefu wangu

Vipuri vya vyerehani nilikuwa naagiza Guangzhou kupitia watu wa kargo wa Kariakoo. Unalipa kwa kilo, kodi imo humohumo, boksi linakuja. Ila huna karatasi hata moja yenye jina lako, na ukishasajiliwa VAT, ile asilimia 18 huwezi kuidai bila nyaraka za forodha. Ndipo nikatafuta wakala mwenye leseni anitolee mzigo pale uwanja wa ndege wa JNIA kwa TIN ya kampuni.

Alichonikosha ni kwamba kazi aliianza kabla mzigo haujapanda ndege. Alitaka rasimu ya ankara, orodha ya vifurushi na AWB (hati ya kusafirishia mzigo kwa ndege), akairudisha ankara siku hiyohiyo. Muuzaji alikuwa ameandika "vipuri vya mashine", basi. Mashine ipi? Vipuri vya cherehani vina kichwa chao kwenye orodha ya ushuru, 8452, na maelezo ya juujuu yanamwachia ofisa nafasi ya kukuweka anakoona yeye. Jina nalo lilibidi lifanane na la kwenye TIN, herufi kwa herufi.

La pili ndilo lililonifanya nimwone mtu wa kazi. Muuzaji alikuwa ameniandikia bei moja, bidhaa na nauli vimechanganywa. Wakala akasema vitenganishwe. Wengi tunajua ushuru hupigwa kwenye bei, bima na nauli, na kwa meli ni kweli. Kwa ndege, Jedwali la Nne la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 linasema nauli haiongezwi kwenye thamani ya forodha. Kwa vitu vya bei ndogo ambavyo nauli inakaribia bei yenyewe, hiyo ni hela ya maana. Lakini ikimezwa ndani ya ankara, utaithibitishaje?

Alinielewesha pia kwamba mzigo wa kuchanganywa na wa watu wengine una AWB mbili: kuu, yenye jina la mkusanyaji, na ndogo yenye jina langu. Ile kuu ina tarakimu 11, tatu za mwanzo ni za shirika la ndege. 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates. Ukiwa nayo unafuatilia mwenyewe kwenye tovuti yao, humsumbui mtu kwa "vipi, umefika?"

Nauli nayo ina hesabu yake. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40, unazidisha vipimo vyote vitatu, unagawanya kwa 6000, unapata kilo 20, hata kama mizani inasoma 14. Unalipia ile iliyo kubwa. Siku hizi namwambia muuzaji apunguze masponji.

Sasa lawama. Bei aliyonipa ilikuwa ujira wake tu. Gharama za ghala na za kushughulikia mzigo uwanjani hakuzitaja mpaka mzigo umeshatua, na ninavyomwona ni mzoefu, hawezi kusema hakujua. Mzigo ukaangukia mstari mwekundu, ukafunguliwa ukakaguliwa, sawa, hilo si kosa lake. Ila tathmini ya kodi ilipotoka, kontro namba ya kulipia alinitumia Ijumaa jioni, wakati ilikuwa imetoka asubuhi. Ningelipa kwa simu palepale na pengine mzigo ungetoka kabla ya wikiendi. Ukalala ghalani, na ghala halijui Jumapili. Nilipomuuliza akajibu, "Ndiyo mambo ya forodha hayo, dada." Hapana kaka, hayo ni mambo ya WhatsApp yako.

Risiti zote alinikabidhi, tamko la forodha likiwemo, na VAT nimeidai kwenye ritani ya mwezi ule bila shida. Nitamtumia tena, ila safari hii nataka makadirio ya ghala kwa maandishi, na kontro namba ndani ya saa moja. Kwa kaboksi kamoja ka sindano na bobini bado naenda Kariakoo. Ujira wake haupungui hata mzigo uwe mdogo vipi.