Kutwa nzima chini ya mahema ya Jeddah

Ndege yetu ya kurudi Dar ilikuwa saa tano usiku. Wakala, ambaye simtaji maana tumeshasameheana, alitushusha uwanjani saa nne asubuhi. Basi jengo la mahujaji la Uwanja wa Mfalme Abdulaziz nimelikagua kuliko nilivyopenda.

Ilikuwa Juni 2024, Hija ile ambayo joto la Makka lilipita nyuzi 50. Nilikuwa na mama, magoti yake mabovu, na kikapu cha tende ambacho hakutaka mtu akiguse.

Kuta usizitafute. Ukishuka kwenye basi unaingia chini ya mahema meupe, 210 kwa jumla, kila moja mita 45 kwa 45, yamening'inizwa kwa nyaya za chuma kwenye nguzo ndefu. Kitambaa chake ni cha nyuzi za kioo kilichopakwa Teflon, ile ile ya kwenye kikaango. Jua jingi kinalirudisha lilikotoka, mwanga kinapitisha kidogo tu. Saa sita mchana tulisoma msahafu bila taa na bila kukunja uso.

Lakini utamu wenyewe uko kileleni. Kila hema limevutwa juu hadi kwenye pete ya chuma iliyo wazi. Hewa ya moto inapanda na kutokea pale, nyingine inaingia kutoka pembeni. Mimi nilikuwa najiandaa kumweleza mama. Yeye akatazama juu mara moja tu.

"Mwanangu, si paa letu la makuti hili?"

Ndilo. Nyumba ya babu kule Pangani paa lilikuwa refu, pembe zake zimeachwa wazi. Moshi wa jikoni ulijua njia, na upepo wa bahari ulipita bila kubisha hodi. Nikamwambia waliochora haya ni SOM, kampuni ya Marekani, na mhandisi wao Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka, alifia hapa hapa Jeddah mwaka 1982, jengo likiwa limefunguliwa mwaka mmoja tu. Akamsomea Fatiha, akarudi kwenye tende zake.

Sasa upande wa pili. Jeddah iko ukingoni mwa Bahari ya Shamu, na kivuli kinazuia jua, hakizuii unyevu. Kuanzia saa nane upepo ulilala, kanzu ikanigandia mgongoni. Nikamvuta mama tuingie upande wenye viyoyozi. Hazikupita dakika ishirini akaanza kupiga chafya: "Nirudishe kule panapopumua." Tukarudi. Mwenye pumu au presha asimfuate mama yangu. Aingie ndani akae.

Ukienda, beba mkeka na upepeo, na tafuta mahali pembeni, siyo katikati. Na usiondoke kabla ya magharibi, kama vile una hiari: taa zinamulika juu kwenye kitambaa, mwanga unarudi chini umepoa, hakuna balbu inayokuchoma macho.

Nyota nne. Ya tano imeliwa na unyevu. Tulipoitwa kwenye foleni mama alikuwa amelala fofofo kwenye mkeka, kikapu chini ya kichwa, na mimi ndiye niliyelaumiwa kwa kumwamsha.