Mkopo wa Nyumba Ayalandi: Uliza Kwanza Kuhusu Siku Riba Itakapofunguka

Makochi tuliyonunua kwa zawadi ya benki yamekwisha kulegea springi, lakini deni lililokuja nayo lingali imara. Mwaka 2021 mimi na mume wangu tulinunua nyumba mjini Drogheda kwa euro 290,000, tukakopa 260,000 kwa miaka 30, na kati ya benki zilizokuwa tayari kutukopesha tukachagua ile iliyoahidi kuturudishia taslimu asilimia 2 ya mkopo, yaani euro 5,200. Wenzetu wa huku huiita keshibeki. Riba ilifungwa, yaani isibadilike, kwa miaka 3 katika asilimia 2.9, na rejesho la mwezi lilikuwa euro 1,082. Muda ulipokaribia kwisha mwaka 2024, barua ya benki ilinikuta katika zamu za usiku hospitalini, nikaisukuma chini ya bili ya umeme, na haukupita muda benki ikaanza kukata euro 1,269. Tulikuwa tumeangukia riba inayobadilika ya asilimia 4.3, ilhali mtu aliyeingia mlango ule ule akiwa mgeni alipewa 3.6. Tulikaa hivyo miezi 8, na barua niliyoisukuma chini ya bili ikatugharimu zaidi ya euro 1,100.

Tangu hapo sipokei tena swali la "benki ipi ina riba ndogo" bila kumrudishia muulizaji swali langu. Riba ya kuanzia huonekana kwenye kila jedwali la kulinganisha mikopo, na masharti ya Benki Kuu ya Ayalandi yanafahamika: anayenunua nyumba yake ya kwanza huweza kukopa hadi mara 4 ya mapato yake ya mwaka, anayenunua ya pili na kuendelea mara 3.5, na kianzio, yaani fedha zako mwenyewe, kisipungue asilimia 10 ya bei. Wenye vibali vya kazi waulize mapema kama benki inawataka wawe na Stamp 4, yaani ruhusa ya kuishi na kufanya kazi nchini bila kibali cha kazi, kwa kuwa kila mkopeshaji ana msimamo wake. Hayo yote mtu atayajua kabla ya kumaliza kikombe cha chai.

Lisilojulikana ni litakalotokea siku ile riba itakapofunguka. Mtu atagombana na benki wiki nzima kwa ajili ya nukta moja ya riba ya miaka 3, na miaka 27 itakayofuata asiiulizie hata mara moja. Basi ulizia, tena kwa maandishi: nisiposema lolote siku hiyo, nitahamishiwa riba gani? Je, mimi mteja wa zamani nitachagua katika jedwali lile lile la mteja mpya, au nitawekewa langu la pembeni? Na thamani ya nyumba ikiwa imepanda, mtaishusha riba yangu, na gharama za mthamini zitakuwa za nani?

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi. Hapa benki hupanga riba kwa madaraja, kwa kuangalia deni ni asilimia ngapi ya thamani ya nyumba. Sisi tulianza karibu na asilimia 90, daraja la ghali kuliko yote. Miaka 3 baadaye deni lilikuwa limeshuka hadi kama 243,000 na mthamini akaipima nyumba kuwa 375,000, maana yake tulikuwa tumeshafika chini ya asilimia 65, lakini kwenye kompyuta ya benki tuliendelea kuwa wale wale wa asilimia 90. Tangu Januari 2019 Benki Kuu inazilazimisha benki kumwandikia mteja siku 60 kabla ya riba iliyofungwa kuisha, na kumweleza aliye kwenye riba inayobadilika kama anaweza kupata nafuu. Benki yetu ilitimiza sheria. Barua ilikuwa ya kurasa nne, na sentensi iliyotuhusu ilikuwa katika ukurasa wa tatu.

Kuhusu keshibeki, fanya hesabu kabla ya kwenda kupima makochi. Chukua mkopo wa euro 260,000 wa miaka 30. Kwa riba ya asilimia 3.2 rejesho ni kama euro 1,124 kwa mwezi, na kwa asilimia 3.9 yenye keshibeki ni kama euro 1,226. Katika miaka 5 utakuwa umelipa zaidi ya euro 6,100 za ziada, na juu ya hizo deni lako litakuwa kubwa kuliko la mwenzako kwa karibu euro 2,800, ili upokee euro 5,200 siku ya kwanza. Hapo umejikopesha fedha zako mwenyewe.

Kwa mizani hiyo ya siku ya kufunguka, namba moja kwangu ni Avant Money, na sifichi kwamba nina upendeleo kwa kuwa ndiko tulikohamia mwanzoni mwa 2025. Kampuni hii ya Carrick-on-Shannon iko chini ya Bankinter ya Hispania, na ilipoingia katika mikopo ya nyumba mwaka 2020 ikiwa na riba ya kuanzia asilimia 1.95, benki za hapa zililazimika kukaa vizuri. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mwaka 2021 ilileta mkopo ambao riba yake iliweza kufungwa kwa muda wote wa deni, hadi miaka 30, na aliyefunga namna hiyo hana siku ya kuiogopa kamwe. Mwaka 2025 ikaongeza mkopo wa Flex unaofuata Euribor ya miezi 12, yaani riba ambayo benki za Ulaya hukopeshana, pamoja na nyongeza isiyobadilika, kwa hiyo riba hupanda na kushuka kwa kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukisoma gazetini. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo uchunguzi wa Benki Kuu, ulioanza 2015, ulikuta wateja zaidi ya 40,000 wamenyimwa mikopo yao ya traka, ile ambayo riba yake hufuata ya Benki Kuu ya Ulaya, au wametozwa riba isiyo sahihi. Udhaifu wake ni kwamba kwa kawaida huwezi kuiendea mwenyewe, sharti upitie kwa dalali wa mikopo, na karatasi wanazodai hazina huruma.

Ya pili ni AIB, pamoja na Haven, ndugu yake anayeuza kupitia madalali. EBS nayo ni ya familia hiyo hiyo, lakini imezoeleka kwa keshibeki, kwa hiyo mtu asidhani kwamba akiingia moja ameingia zote. Mwenye nyumba yenye cheti cha nishati, kile kinachoitwa BER, cha B3 au bora zaidi aulizie riba ya kijani, kwa maana tofauti yake huonekana kwenye rejesho.

Bank of Ireland naiweka ya tatu. Kwa miaka mingi imetangaza keshibeki ya asilimia 2 mwanzoni na asilimia 1 baada ya miaka 5, na ile asilimia 1 ni kamba ya kumfunga mteja asihame. Mkopo wake wa EcoSaver wa mwaka 2024, unaopunguza riba kadiri daraja la BER linavyopanda, ni wazo zuri kwa mwenye nia ya kukarabati. PTSB inafuata, na yaliyosemwa juu ya keshibeki yanaihusu.

Mkopo wa halmashauri, ulioanza Januari 2022, ni wa wale ambao benki mbili zimewanyima fedha za kutosha. Kama ndiyo hali yako, uombe.

Waislamu wa pwani huniuliza kuhusu mkopo usio na riba kabisa. Benki tatu kubwa za hapa, AIB, Bank of Ireland na PTSB, haziuzi mkopo wa namna hiyo, na sitajifanya nina njia ya mkato.

Sina budi kusema pia kwamba tangu KBC na Ulster Bank zilipotangaza mwaka 2021 kuondoka nchini, uchaguzi umebana, na benki zilizobaki zinajua. Juu yake kuna madalali wa nyumba, wanaoandika bei ya kukuvuta tu kisha kukupigia simu kila jioni kwamba kuna mtu ameongeza elfu tano, mtu usiyemwona wala kusikia jina lake, na hata ukikubaliwa hakuna kinachomzuia muuzaji kumgeukia mwingine mpaka mikataba itiwe saini. Muuguzi anayepata euro 48,000 peke yake hukopa 192,000, na kwa fedha hizo Dublin atazunguka sana.

Kuhama benki si bure, ingawa si kugumu kama wanavyotisha. Ikiwa riba yako bado imefungwa, omba kwanza hesabu ya faini ya kuivunja. Pale riba za soko zinapokuwa zimepanda tangu ulipofunga, mara nyingi faini hiyo huwa sifuri. Benki mpya inapaswa kukupa uamuzi ndani ya siku 10 za kazi baada ya kupokea maombi yaliyokamilika. Sisi tulimlipa wakili euro 1,300, kodi ikaifikisha 1,599, na mthamini 185. Nafuu ya riba ya asilimia 0.7 ilirudisha fedha hizo kwa muda wa mwaka mmoja na wiki kadhaa. Kilichotuchelewesha ni hati za nyumba, ambazo benki ya zamani ilikaa nazo wiki saba huku kila simu ikipokelewa na mtu mpya anayeanza kuniuliza tarehe ya kuzaliwa. Mwezi mmoja baada ya kuondoka walituandikia kuuliza kwa nini tumehama, na ndani ya bahasha ile ile wakaweka kipeperushi cha keshibeki kwa wateja wapya.