Kipima nozeli cha mkono kwa injini ya 1HZ: chuma kizuri, geji ndiyo tatizo

Gereji ya Arusha inayohudumia Land Cruiser za utalii inakutana na 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota, kila siku, na kwa injini hiyo kipima cha mkono cha nozeli (ncha inayopuliza dizeli ndani ya injini) kinatosha kabisa. Kina tangi dogo la mafuta, mkono wa kupampu, geji ya presha, na mabomba yenye nyuzi za M12 na M14. Pampu yenyewe ni imara.

Geji sasa. Nozeli mpya ya 1HZ hufunguka kwenye bar 142 hadi 152. Iliyokwisha tumika inakubalika kuanzia bar 127. Geji ya bar 600 yenye mistari inayopishana kwa bar 20 inazimeza hizo bar 10 zote kati ya mstari na mstari. Fundi anabaki kukisia! Chukua yenye geji ya bar 400, au funga ya bar 250.

Toa hewa kwanza, kisha kandamiza mkono polepole mpaka mshale utikisike na kushuka: hapo ndipo nozeli inapofunguka. Pandisha tena, usimame bar 10 hadi 20 chini ya hapo, ushikilie sekunde 10. Ncha ikitoa tone, nozeli inakojoa, na kuongeza shimu (kipande chembamba cha chuma kinachokaza springi ya nozeli) hakutaiponya. Isafishe au ibadilishe. Shimu nene ni dawa ya presha iliyoshuka tu. Unapotaka kuona ukungu wa dizeli inayotoka kwenye ncha kwa kupampu haraka, funga valvu ya geji, maana mapigo yale huiua. Mkono usikae mbele ya ncha kamwe: dizeli hupenya ngozi, na aliyepigwa apelekwe hospitali hapo hapo hata kama hasikii maumivu.

Tangini weka mafuta ya kupimia ya ISO 4113. Dizeli yenye maji hushikisha kutu pistoni ya pampu.

Kifaa hiki kinaonyesha ukungu, hakisemi mafuta yanachelewa kiasi gani kuwaka. Hilo maabara hulipima kwa mrija wa mawimbi ya mshtuko: diaframu inapasuka, heli yenye presha inasukuma wimbi, na mchanganyiko wa mafuta na hewa unafika joto la kelvini 1,000 ndani ya mikrosekunde chache. Presha ya hewa ikipungua, kuwaka kunachelewa zaidi. Ndiyo maana nozeli inayovumilika Moshi mjini inaweza kufuka moshi kwenye ukingo wa Ngorongoro, mita kama 2,300 juu.

Kwa injini za komoni reli, zile ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, usikinunue kipima hiki. Presha zake zinapita bar 1,300.